Keza na Sufuria Nyeusi

Kila siku ya shule Keza alifika nyumbani kabla ya saa kumi jioni. Alivua viatu mlangoni, akamsalimia bibi yake, akatundika begi, kisha akaenda moja kwa moja kwenye sinki. Kuosha vyombo ilikuwa kazi yake. Mdogo wake Armel, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa na kazi mbili: kutoa takataka na kulalamika.

Waliishi Guildford, magharibi mwa jiji la Sydney, Australia, katika nyumba ya matofali mekundu karibu na reli. Baba yao, mzee Bigirimana, alifanya kazi ghalani huko Villawood. Mama yao, Gloriose, alifua nguo na mashuka katika nyumba ya kulelea wazee. Alitoka asubuhi na mara nyingi alirudi jua limekwisha kuzama.

Mwezi mmoja uliopita, Bibi Dorothea, mama yake Gloriose, alikuwa amewasili kutoka kambi ya wakimbizi wa Burundi mkoani Kigoma, Tanzania. Huko alikuwa amepika kwa kuni juu ya mafiga matatu kwa miaka mingi kuliko umri wa Keza. Hakujua Kiingereza. Hakujua treni ipi inakwenda wapi. Lakini alijua kupika, na jiko ndilo mahali pekee katika nchi hii ambapo hakuhitaji kumuuliza mtu kitu.

Au ndivyo alivyodhani. Wiki ya pili baada ya kuwasili, alilijaza maji birika la umeme, akaliweka juu ya jiko la umeme, lile la kioo, na kuwasha moto. Kitako cha plastiki kiliyeyuka. Kengele ya moshi ikalia kwa hasira mpaka majirani wakatoka nje.

Jioni ile Mama Keza aliketi karibu na mama yake, akamshika mkono.

"Mama, sikugombezi," alisema. "Lakini nikiwa kazini moyo haunitulii. Kikiharibika kitu kingine, itabidi upumzike. Keza atapika mpaka nirudi."

"Nipumzike?" Bibi aliuliza. "Nipumzike nimefanya kazi gani?"

Keza aliona bibi yake akiukunja na kuukunjua upindo wa kitenge chake. Siku ile aliamua moyoni kwamba atahakikisha Bibi haondolewi jikoni. Alikuwa mtoto mkimya, lakini akishaamua jambo, ilikuwa vigumu kumrudisha nyuma.

Sufuria walizotumia zilikuwa mpya. Mama Keza alizinunua kabla Bibi hajafika, katika duka moja huko Auburn, zikiwa vipande kumi katika katoni moja: sufuria, vikaango na vifuniko vyake, vyote vyeusi ndani na nje. Alikuwa amezibeba kwenye treni akizikumbatia kama mtoto mchanga. "Vipande kumi!" alimwambia kila mtu kanisani. "Kumi, kwa bei ya viwili!"

Jumatatu moja Keza alikuwa akiosha vyombo, Bibi akamsogelea. Alichukua sufuria kubwa ya maharage, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Tazama hii," alisema. "Ndani nyeusi tititi. Mama yako anachoka na kazi, hapati muda wa kusugua. Masizi yameganda."

"Labda ndiyo rangi yake, Bibi."

"Rangi? Nani anapaka sufuria rangi ndani, mahali pa chakula?"

Keza alifikiri. Kweli, nani angefanya hivyo?

"Kule kambini," Bibi aliendelea, "mgeni akija, kabla hajakutazama wewe usoni, anatazama sufuria zako zilizoanikwa. Zangu watu walizitumia kama kioo. Msichana akitaka kusuka nywele, anakuja kwangu. Tutamfanyia mama yako kazi hii. Akija kuona, atacheka mwenyewe."

Wakaanza. Bibi alikuwa amenunuliwa waya wa kusugulia kwa ajili ya oveni. Aliukunja kiganjani, akamwaga sabuni ya unga, akamwonyesha Keza namna ya kuweka uzito wa bega lote kwenye mkono. Weusi ule haukutoka kwa urahisi. Jumatatu ulitoka doa dogo kama shilingi. Jumanne vidole vya Keza vilivimba. Armel alikuja na kipande chake cha mkate, akasimama mlangoni.

"Mnafanya nini?" aliuliza kwa Kiingereza. Armel alielewa Kiswahili chote, ila kukisema alikuwa mvivu.

"Tunang'arisha."

"Inanuka."

"Wewe ndiye unayenuka. Nenda kaoge," Bibi alimjibu kwa Kiswahili, na Keza akacheka mpaka povu likamrukia puani.

Jumatano jioni sufuria kubwa na kikaango vilikuwa vimegeuka. Katikati paliwaka rangi ya fedha, na pembeni palibaki weusi wenye mikwaruzo. Bibi Dorothea alipiga kigelegele kifupi, cha chini chini, asije akaamsha kengele ya moshi.

"Una mikono ya kazi," alimwambia Keza. "Hata hapa ulipozaliwa, mikono ya kazi haikupotea."

Maneno hayo Keza aliyabeba mpaka kitandani.

Alhamisi asubuhi Bibi alikaanga mayai kabla ya watu kutoka. Mayai yalishika kwenye kikaango kama yamegandishwa kwa gundi. Bibi aliyakwangua, akampa Armel sahani yake.

"Kuna vitu vyeusi," Armel alisema.

"Ni pilipili manga," Keza alisema haraka.

"Hatuna pilipili manga."

Mama Keza alikuwa akifunga kitambaa kichwani tayari kwenda kazini. Alikuja, akainama juu ya sahani. Alichukua kipande cheusi kwa ukucha. Kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu. Akakitazama kikaango, kisha akaifunua sufuria kubwa.

"Zimebanduka!" alisema. "Miezi miwili tu, tayari zinabanduka! Armel, acha hayo mayai. Wameniuzia ubovu. Jumamosi tunazirudisha dukani, na hawatanichezea."

"Ubovu kabisa," Bibi aliunga mkono. "Sisi tumetoa masizi, kumbe chini yake chuma chenyewe kibovu."

Lakini Mama alikuwa tayari nje ya mlango, akikimbilia treni, na maneno hayo hakuyasikia.

Jioni hiyo Mama aliporudi, aliitafuta katoni ya sufuria, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ndani ya katoni tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyekuwa ameisoma.

"Keza, hii ni karatasi ya dhamana, inayosema chombo kibovu kinarudishwaje. Isome vizuri. Jumamosi wewe ndiye utakayeongea. Kiingereza cha kazini nakijua, lakini nikikasirika kinanikimbia chote."

Hili halikuwa jambo geni. Keza alikuwa msemaji wa familia tangu akiwa na miaka tisa. Alisema kwa niaba ya wazazi wake kwa daktari wa meno, kwa fundi wa maji, na hata kwenye mkutano wa walimu ambako aliyekuwa akisemwa ni yeye mwenyewe. Aliketi kitandani, akaanza kusoma.

Mwanzoni zilikuwa sifa tu. Kisha, upande wa pili, kwa herufi ndogo, aliona maneno yaliyomfanya akae wima. Weusi ule ulikuwa umepakwa kiwandani kwa makusudi ili chakula kisishike. Usafishwe kwa sifongo laini. Usiguswe kwa kijiko cha chuma. Usisuguliwe kamwe kwa waya. Atakayeusugua, dhamana imekufa.

Keza aliisoma mistari hiyo mara tatu. Hawakuuziwa ubovu. Wao wenyewe, yeye na Bibi, walikuwa wameichuna sufuria kwa siku tatu, kwa bidii yote, huku wakiimba.

Na Mama alikuwa amesema: kikiharibika kitu kingine, Bibi atapumzika.

Aliikunja ile karatasi, akaiingiza katikati ya daftari la hesabu.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko shuleni, alimweleza rafiki yake Aketch. Wazazi wa Aketch walitoka Kisumu, na msichana huyo hakuweza kusikia habari yoyote bila kuicheka kwanza.

"Mliichuna? Kama mbuzi?" Aketch alijishika mbavu. "Wallahi, nyinyi watu wa Burundi ni wagumu! Mimi kuosha kikombe tu nalia."

"Aketch, usicheke. Bibi yangu atatolewa jikoni."

Aketch aliacha kucheka. Alifikiri akitafuna tufaha.

"Basi si useme zimebanduka zenyewe? Mama yako anaamini hivyo. Bibi yako anaamini hivyo. Karatasi unayo wewe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe si mtu. Wewe ni mkalimani," Aketch alisema, akatupa mabaki ya tufaha kwenye pipa.

Keza hakucheka. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alilifikiria shauri lile, na kila alipolifikiria lilizidi kuonekana rahisi. Hangesema uongo wake mwenyewe. Angetafsiri tu maneno ya mama yake. Na Bibi angebaki mahali pake.

Alipofungua mlango, alisikia mafuta yakichachatika. Bibi Dorothea alikuwa jikoni. Kile kikaango kilikuwa motoni, na Armel alikuwa mezani akisubiri viazi.

"Bibi, hapana!" Keza alipiga kelele.

Aliruka, akazima jiko, akakishika kikaango kwa mpini. Bibi alirudi nyuma hatua moja, mwiko ukiwa mkononi.

"Kuna nini?"

"Usipike. Yaani... usikitumie hiki. Niachie mimi, nitapika."

"Kwa nini uniachishe? Si tulisema tutakirudisha kesho? Leo si bado chakula kinapikwa?"

Keza alifungua kinywa. Angeweza kusema: hivi vipande vyeusi tumevibandua sisi, na kadiri tunavyopikia ndivyo vinavyozidi kuingia kwenye chakula. Sentensi moja tu. Lakini baada ya sentensi hiyo ingefuata nyingine, na nyingine, mpaka kwenye waya na sabuni ya unga.

"Nitapika mimi tu," alirudia. "Wewe kapumzike, Bibi."

Alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake mwenyewe, alitamani kulirudisha. Bibi aliuweka mwiko juu ya meza taratibu, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akaenda sebuleni. Aliketi kwenye kochi, mikono mapajani, akitazama televisheni iliyozimwa.

Keza alivitupa viazi vile, akachemsha vingine katika sufuria ndogo ambayo haikuguswa na waya. Alipompelekea Bibi sahani, Bibi alisema ahsante kama mgeni anavyosema katika nyumba ya watu.

Ndipo Keza alipotambua alichofanya. Mama hakuwa amemwondoa Bibi jikoni. Sufuria haikumwondoa. Aliyemwondoa ni yeye, kwa siri yake. Na siri ile ingemlazimu kumzuia Bibi leo, na kesho, na keshokutwa, kwa sababu mtu asiyejua kosa lake hawezi kuliacha. Bibi angesugua sufuria nyingine, tena kwa upendo.

Usiku huo aliitoa karatasi kwenye daftari la hesabu, akaitia kwenye mfuko wa koti. Aliamua kusema. Jinsi ya kusema, hakujua.

Jumamosi waliondoka wanne: Mama, Bibi, Keza na Armel. Baba alikuwa amelala baada ya zamu. Mama alibeba mfuko wenye sufuria na kikaango, uso umekaza kama mtu anayekwenda mahakamani. Treni ilipita Merrylands na Granville. Mara mbili Keza alianza, "Mama...", na mara mbili Mama akasema, "Ngoja kwanza, napanga maneno." Waliposhuka Auburn, harufu ya mkate wa moto na nyama ya kuchoma iliwapokea, na Armel akataka kusimama kila mlango.

Duka la vyombo lilikuwa refu na jembamba. Mwenye duka, mama wa Kituruki mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alisimama nyuma ya kaunta. Kiingereza chake kilikwenda mbio, na kilikuwa na lafudhi ya kwao. Mama Keza aliweka vyombo mbele yake, bila kuvifunika.

"Keza, mwambie. Tulinunua hapa, miezi miwili iliyopita."

Keza alisema.

"Mwambie zilikuwa vipande kumi, na hivi viwili vimeharibika."

Keza alisema.

"Mwambie hatukufanya kitu chochote. Zimebanduka zenyewe."

Keza alinyamaza.

Mwenye duka alivaa miwani yake. Alipitisha kidole gumba juu ya mikwaruzo ya sufuria, duara kwa duara. Kisha akamwuliza Keza swali, kwa upole, lakini akimtazama machoni.

"Anasema nini?" Mama aliuliza.

"Anauliza tulisugua kwa kitu gani."

"Mwambie hatukusugua! Si nimekwambia?"

Keza alikuwa amezoea kusema maneno ya watu wengine. Sasa alihitaji yake mwenyewe, na yalikuwa machache.

"Mama, siwezi kumwambia hivyo. Si kweli."

"Nini?"

"Tulizisugua. Kwa waya. Siku tatu." Aliitoa karatasi mfukoni, akaiweka juu ya kaunta. "Imeandikwa hapa kwamba ule weusi hausuguliwi. Nimejua tangu Alhamisi. Niliogopa. Mimi ndiye niliyesugua."

Mama aliitazama karatasi, akamtazama binti yake, kisha akatazama mlango kana kwamba alitaka kutoka peke yake.

"Alhamisi," alisema polepole. "Ukaniacha nije mpaka hapa, nisimame mbele ya watu, nidai."

"Subirini," Bibi Dorothea alisema. "Gloriose, mwache mtoto. Keza, ule weusi haukuwa masizi?"

"Hapana, Bibi. Uliwekwa na kiwanda."

"Ndani? Mahali pa chakula?"

"Ndani, Bibi."

Bibi alitikisa kichwa, kama mtu aliyesikia habari za nchi ya ajabu. Halafu alijinyoosha, akaisogelea kaunta.

"Basi mtafsirie huyu mama, na usipunguze neno. Waya niliushika mimi kwanza. Mtoto aliniambia ni rangi, nikamkatalia. Nilidhani namsaidia binti yangu. Kosa ni langu, na sikuja hapa kudai kitu kisicho haki yangu."

Keza alitafsiri. Sauti ilimtetemeka, lakini hakupunguza neno. Mwenye duka alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, akasema kwamba vyombo hivyo hawezi kuvipokea, na wasivipikie tena, kwa sababu weusi ukishaanza kubanduka chombo kimemaliza kazi yake. Mama aliinamisha kichwa. Lakini mwenye duka hakuwa amemaliza. Alizunguka kaunta, akauliza swali jingine.

"Anauliza tunapika nini nyumbani," Keza alisema.

"Anataka kujua ya nini?" Mama aliuliza.

"Anasema ndilo swali la kwanza la mtu anayenunua sufuria, na kwamba siku ile ulipokuja hukumpa nafasi ya kuliuliza. Ulikuwa unahesabu vipande."

Mama alitaka kukasirika, akashindwa. Tabasamu dogo lilimponyoka. "Ni kweli. Mwambie ugali. Mwambie maharage, sombe ya majani ya muhogo, wali, chapati siku ya sikukuu."

"Na ugali tunausonga kwa nguvu," Bibi aliongeza. "Siyo kukoroga kama uji wa mgonjwa."

Mwenye duka aliwapeleka kwenye rafu za nyuma. Alisema, na Keza akatafsiri, kwamba sufuria zenye weusi ndani si mbaya kwa anayekaanga yai kwa moto mdogo na kijiko cha mti. Lakini ugali na maharage ya saa mbili vinataka chuma kisichoshika kutu, chenye kitako kinene. Alichukua rula, akailaza chini ya sufuria moja nyepesi. Katikati mwanga ulipenya, maana kitako kilikuwa kimejikunja. Juu ya jiko la kioo kama lao, alieleza, sufuria hiyo ingegusa moto pembeni tu, na hapo ndipo chakula kingeungua. Akaiweka rula chini ya nyingine, nzito. Hakuna mwanga uliopita.

"Naweza kushika?" Bibi aliuliza, na hakusubiri tafsiri.

Alizipima moja baada ya nyingine kwa mikono, akifumba macho. Alibonyeza kingo kwa vidole gumba aone kama zinabonyea. Aligonga vitako kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Kisha akaiweka sufuria moja nzuri, yenye mishikio ya rangi ya dhahabu, juu ya kigoda.

"Armel, njoo. Shika hapa na hapa. Shika kama mwanamume."

"Bibi, watu wanaona!" Armel alisema, na kwa aibu aliyasema hayo kwa Kiswahili fasaha.

"Waone. Shika."

Armel alishika. Bibi alichukua mwiko wa mti kutoka rafuni, akapanua miguu, akaanza kusonga ugali usiokuwepo. Mteja mmoja alisimama na toroli lake. Bibi alikandamiza, akageuza, akavuta. Mshikio wa kushoto ukalia *kwiki*.

"Huu unacheza," alisema, akaisukuma pembeni ile sufuria ya dhahabu. "Lete ile ya kule."

Ile ya kule haikuwa na urembo wowote. Ilikuwa pana, nzito, na mishikio yake miwili ilifungwa kwa ribiti nne, misumari minene iliyotokeza ndani. Bibi alisonga tena. Armel alipepesuka, lakini sufuria haikutoa sauti. Akaweka kifuniko, akakizungusha. Kilikaa sawasawa, bila kucheza. Aligonga kitako mara ya mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Hii."

Mwenye duka alipiga makofi, akasema maneno machache.

"Anasemaje?" Bibi aliuliza.

"Anasema umechagua ileile aliyonayo yeye nyumbani kwake. Anasema wateja wengi huangalia urembo tu, hawasongi."

"Mwulize jambo moja tu," Bibi alisema, sauti ikishuka. "Hii naruhusiwa kuisugua?"

Keza aliuliza. Mwenye duka alicheka mpaka miwani ikamruka kifuani. Ndiyo, alisema. Ikiungua, loweka kwanza, kisha sugua utakavyo. Hii haina cha kubanduka.

Siku hiyo hawakununua katoni. Walinunua sufuria moja tu.

Jioni Mama Keza alimwita binti yake barazani. Keza alijua kinachokuja, akasimama wima.

"Kuharibu vyombo, sijakasirika," Mama alisema. "Mlifanya kazi kwa bidii na mlinifikiria mimi. Lakini bidii bila kujua ilitugharimu sufuria. Kabla ya kununua chombo, ujiulize utapikia nini na kwa namna gani. Kabla ya kukisafisha, usome au uulize. Mimi mwenyewe sikuuliza wala sikusoma. Nilipenda wingi na bei. Hilo kosa langu, na nimelikubali."

"Ndiyo, Mama."

"La kwako ni lile la kunyamaza. Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilimwonea huruma Bibi. Ulisema kikiharibika kitu kingine..."

Mama alimvuta karibu.

"Nilisema vibaya," alisema. "Niliwafundisha kuogopa kuniambia. Lakini sikiliza, mwanangu. Ulipoficha, Armel alikaribia kula tena kutoka kwenye kile kikaango, na bibi yako alikaa kwenye kochi bila kujua amekosa nini. Ukimficha mtu ukweli kwa kumhurumia, unamnyima nafasi ya kujirekebisha. Leo alipoujua, alijirekebisha mwenyewe mbele yetu sote. Mtu anayempenda mwenzake humwambia ukweli, tena mapema, hata kama sauti inatetemeka."

"Jiko je?" Keza aliuliza. "Bibi atapumzika?"

Mama hakupata nafasi ya kujibu.

"Keza!" sauti iliita kutoka ndani, ya mtu mwenye kazi mkononi. "Mnazungumza nini huko mpaka unga unataka kushinda maji? Mwambie mama yako aandae sahani, na wewe njoo ushike sufuria. Upesi!"

Mama Keza alisimama haraka, kama binti mdogo aliyeitwa.

"Abee, Mama," aliitikia, wakaingia wote wawili.